Mawe Niliyosema Yachemshwe

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu na kitanda, kwa maana sauti yangu haitoki tena kifuani, inatoka kooni tu, na koo nalo lina siku zake. Andrew, wewe kifungua mimba wangu, keti upande huu wa dirisha nikuone uso. Tryphosa, shika kalamu uandike. Wewe ni mwalimu, mwandiko wako unasomeka. Walter, wacha kulia, bado hujaambiwa la kulilia. Leo ninasema Kiswahili, nimeacha Ekegusii kando, ili Wakesho mke wa Andrew, aliyetoka Taita akaja kuwa binti yangu, alisikie neno langu lilivyo, asiletewe nusu yake na mtu. Neno hili linamhusu na yeye, kwa kuwa chai anayoichuma kule chini imeota juu ya uongo wangu.

Nisikilizeni hadi mwisho. Anayetaka kunilaani atanilaani nikishamaliza.

Mali yangu si nyingi. Shamba la juu, lililopakana na njia ya kwenda kanisani, ni la Andrew. Migomba na nyumba hii ni ya Walter, kwa kuwa yeye ndiye kitinda mimba na hana pengine. Tryphosa, watu watasema binti hapewi ardhi. Waache waseme, mimi nimekupa kipande cha wimbi kilicho nyuma ya zizi, na ndugu zako wamesikia. Ng'ombe gawaneni kwa amani. Hayo yamekwisha. Bado lile shamba la chai lililo chini ya kisima, ambalo nyote mmelihesabu kuwa letu. Hilo si langu. Sikulirithi, sikulinunua, sikupewa na mwenyewe. Na ili mjue ni la nani na lilikujaje mkononi mwangu, inanibidi niwarudishe nyuma, hadi kwenye yale matumbawe.

Mnajua kwamba nilifika Mombasa mwaka wa hamsini na moja, kijana wa kufagia na kupiga pasi, nikaajiriwa na daktari wa meno, Mzungu asiye na mke, aliyekuwa na sanduku kubwa la kioo barazani, limejaa maji ya bahari na matumbawe hai. Mwanzo niliyaona ni mawe tu, nikamcheka moyoni, mtu mzima anayelisha mawe. Siku moja akaniita, akanipa kioo cha kukuzia, akaniambia nitazame. Nikaona mikono midogo kama uzi ikifunguka na kufumba, ikikamata chakula. Wanangu, tumbawe si jiwe wala si mmea. Ni wanyama wadogo wadogo, maelfu, wanaoishi pamoja kama ukoo katika mlima mmoja, na jiwe ni nyumba waliyoijenga.

Miaka kumi na mitatu nilijifunza kuwatambua. Ukitaka kujua ni wa aina gani, hesabu mikono: wale laini wana minane, kila mmoja una manyoya pande zote kama unyoya wa kuku, wale wagumu huenda kwa sita, kumi na mbili, ishirini na nne. Rangi usiiamini, rangi hubadilika na jua. Yale ambayo sikujua majina yake niliyapa yangu: ubongo, vidole, uyoga, vifungo. Vifungo ndivyo nataka mvikumbuke. Ni zulia la rangi ya kahawia, kila mnyama mviringo kama kifungo cha koti, wamebanana juu ya jiwe hata jiwe lenyewe halionekani.

Aliyekuwa akimtolea daktari mawe hayo kule mwambani maji yakipwa alikuwa mzee wa Kigiriama, jina lake Chengo. Huyo hakusoma darasa hata moja, na alijua kuliko daktari. Siku aliyoleta vifungo kwa mara ya kwanza alinishika mkono akaniambia, "Mogire, haya yatazame vizuri. Usiyashike ukiwa na kidonda. Usiyatie maji ya moto, wala usiyaweke motoni. Mvuke wake ni sumu. Mtu huonja shaba mdomoni, kisha kifua humkaba." Nikamwambia, "Nimesikia, mzee." Wala sikumuuliza kama yakifa sumu nayo hufa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi nilijiona nimekwisha kujifunza.

Mwaka wa sitini na nne daktari alirudi kwao, akaniachia sanduku. Nililileta huku milimani ndani ya majani makavu ya migomba, kwa lori la rafiki yangu Ondieki, ambaye tangu hapo kila alipotoka pwani aliniletea madumu ya maji ya bahari, na mara nyingine mawe mapya ndani ya ndoo. Watu wa hapa Manga waliniona nina wazimu. Bahari itapandaje mlima? Lakini ilipanda. Niliweka sanduku juu ya bamba la jiwe lililochongwa Tabaka, chini yake nikawasha taa ya mafuta usiku na mchana, kwa kuwa matumbawe hayawezi baridi yetu. Pumzi yao nilikuwa nikiipata kwa mpira wa ndani wa gurudumu la lori: nilikuwa nikiujaza kwa pampu ya baiskeli, nao ukitoa hewa kidogo kidogo majini kwa mrija mwembamba. Nilitoboa mabati nikaweka kioo ili jua liingie. Maji yakipungua kwa kukauka, niliongeza ya mvua, kwa kuwa chumvi haikauki, hubaki. Tryphosa unakumbuka, wewe ndiwe uliyekuwa ukikinga mvua kwa chungu, kwa maana nilikataza maji ya bati.

Shule zilikuja. Mchungaji alikuja, akasimama mbele ya kioo kofia mkononi, akasema Nyasae, Mungu wetu, ni mkuu. Watu waliotoka Keroka kununua mbuzi walipita kwangu kwanza waione bahari ya Mogire. Nami nikavimba, wanangu. Mtu aliyekuwa akifagia baraza ya Mzungu sasa anaitwa mwalimu na walimu. Sifa ile ilininywesha kitu ambacho pombe haijawahi kuninywesha. Ndiyo maana nilipotakiwa kuchagua kati ya sifa na kweli, mlio hapa hamkujua kwamba nilichagua.

Tryphosa, nipe maji. Kidogo tu. Asante, mama.

Sasa tumefika Agosti ya mwaka wa sabini na mbili. Baridi ya mwaka ule mnaikumbuka, ukungu ulikuwa haupandi hadi saa sita. Nilikwenda Kisii kwa shughuli za ushirika nikalala huko siku mbili, na taa chini ya sanduku ikaisha mafuta. Niliporudi, maji yalikuwa baridi kama ya mtoni, matumbawe yote yamelegea, yamegeuka ute mweupe, na nyumba nzima inanuka. Nililia, sifichi. Lakini Ondieki alikuwa apite kesho yake na maji mapya, nami nikaona aibu kwamba angekuta uozo. Nikabeba mawe hadi jikoni, nikamwambia mama yenu, Bosibori, ayachemshe katika ile sufuria kubwa ya harusi mpaka uchafu wote utoke, tuanze upya. Akaniuliza, "Yote?"

Nikamwambia, "Yote."

Neno moja hilo. Na kati ya mawe yale, matatu yalikuwa ya vifungo. Niliyaona. Nilisema moyoni, yamekufa, kilichokufa hakina meno.

Mvua ilikuwa inanyesha. Mama yenu alifunga mlango wa jikoni kuzuia upepo, na nyanya yenu Nyaboke, mama yangu mzazi, alikuwa ameketi pale pale karibu na moto alipokuwa akiketi kila siku ya baridi, amejifunika shuka. Ndipo akaingia Nyamusi, mjane wa Momanyi, jirani yetu wa chini ya kisima. Mnajua walikuwa wamegombana, yeye na nyanya yenu, kwa ajili ya migomba iliyovuka mpaka. Siku ile alikuja kupatana. Alileta uji wa wimbi katika kibuyu, akakaa, wakasalimiana, nyanya yenu akanywa. Halafu Nyamusi akaanza kukohoa. Akasema, "Mama Andrew, jiko lenu leo lina harufu mbaya, macho yananichoma," akainuka, akaenda zake kwa haraka bila kungoja kibuyu chake.

Kabla ya jioni nyanya yenu alisema kinywa chake kina ladha ya senti, kama mtu aliyenyonya sarafu. Mama yenu naye akasema hivyo hivyo. Kisha kifua, kisha mikono kutetemeka, kisha miguu kukataa. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikasikia sauti ya Mzee Chengo kana kwamba amesimama nyuma yangu. Nilijua saa ile ile. Msije mkasema nilikuja kujua baadaye. Nilimwaga sufuria chooni, nikayatupa mawe ndani ya shimo, nikalifukia. Ndilo lile shimo la zamani nililowakataza kulima juu yake, na ninawakataza tena. Tuliwapeleka wagonjwa kwenye zahanati, mganga wa zamu akauliza, "Wamekula nini? Wamevuta moshi wa nini?" Nikamjibu, "Sijui." Mama yangu alikuwa amelala kwenye benchi, ananitazama. Sijui kama dawa ingepatikana. Hilo sijui hadi leo. Ninachojua ni kwamba niliulizwa, nami nilikuwa na jibu.

Alikufa Ijumaa, saa nne asubuhi. Mama yenu alipona, lakini magoti yake hayakurudi kuwa magoti. Mara moja tu aliniuliza, tukiwa wawili, "Baba Andrew, si yale mawe?" Nikamjibu, "Mawe yanaweza kuua mtu?" Hakuniuliza tena mpaka alipofariki. Nadhani alijua, na aliningoja.

Na watu nao hawakukosa jibu lao. Nani aliingia? Nyamusi. Nani alileta uji? Nyamusi. Nani alitoka mbio? Nyamusi. Walisema huyo ni omorogi, mchawi, amemaliza ugomvi wa migomba. Yeye mwenyewe alikuwa amelala kwake anakohoa juma zima, hawezi kushika jembe, na hata hilo wakaligeuza. Wakasema dawa yake imemrudia. Kumbe alivuta mvuke ule ule, maskini, ila alivuta kidogo. Kikohozi kile kilikuwa shahidi wake, na katika mlima wote huu aliyeweza kukisoma ni mtu mmoja, naye alinyamaza.

Andrew, usiinuke. Nimesema keti. Keti, mwanangu, tafadhali, sina nguvu ya kukufuata.

Ulikuwa na miaka kumi na tisa, umekuja likizo kutoka shule. Nyanya yako ndiye aliyekulea mgongoni mwake. Vijana walipokusanyika siku ile ya Jumapili baada ya mazishi, ulikuja jikoni kwetu, ukachomoa kijinga cha moto kutoka mafiga yale yale ambayo mawe yalichemkia, ukaniambia, "Tata, nakwenda." Ulisema tata, baba, kama ulivyokuwa ukiniita ukiwa mdogo. Ulikuwa unaniomba nikuzuie, au uliniomba baraka, sijui. Mimi nilitazama chini. Ukaenda. Mkono ulioweka moto kwenye nyasi za nyumba ya Nyamusi ulikuwa wako, lakini aliyeuelekeza alikuwa mimi, kwa kunyamaza.

Niliwafuata kwa mbali. Nilimwona akitokea mlango wa nyuma, akipita katikati ya migomba, amemshika mkono binti yake Moraa, hana hata kiatu. Tulikutana kwenye njia, uso kwa uso. Akaniambia, na maneno haya andika yalivyo, Tryphosa: "Mogire, waambie jiko lako lilikuwa linanuka! Wewe uliishi na vitu vile, unavijua. Waambie!"

Nikampisha apite.

Ndivyo nilivyofanya. Nilisogea kando kama mtu anayempisha ng'ombe, akapita, akaenda Nyamache kwa watu wake, na moshi wa nyumba yake ukatufuata hadi kisimani. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema shamba lisibaki pori, Mogire ndiye aliyefiwa, alitunze. Nikapanda chai. Chai hiyo ilimsomesha Tryphosa ualimu. Chai hiyo iliweka mabati mapya juu ya nyumba hii. Wakesho, ndiyo hiyo unayoichuma. Kila jani lilikuwa linanifunga mdomo zaidi, kwa maana mwaka wa kwanza ningesema ningekuwa mtu aliyeua mama yake bila kukusudia, lakini mwaka wa pili ningekuwa pia mwizi, na wa tatu baba aliyemwacha mwanawe awe mchomaji, na deni la namna hiyo kila ukilikawiza linazaa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimengoja kiniumbue, nacho kimefika, kimekaa hapo miguuni pangu.

Mmekuwa mkijiuliza kwa nini sikulijaza sanduku lile tena. Mlidhani ni majonzi ya matumbawe. Livunjeni, au mlitie kuku, sijali. Lakini lile daftari nililoandika mikono mingapi, rangi gani, chakula gani, hilo ni lako, Tryphosa. Una wanafunzi, na siku moja wengine wao watakwenda pwani watataka kuleta bahari nyumbani kama nilivyotaka mimi. Kwenye ukurasa wa vifungo niliandika "ni rahisi kutunza, havisumbui." Fungua ukurasa huo uandike maneno ya Mzee Chengo, kisha chini yake uandike jina la nyanya yako na tarehe aliyokufa. Usinifichie aibu.

Ngojeni nipumue.

Juma lililopita nilimtuma Walter Nyamache. Msimlaumu kwa kuwaficha, mimi nilimwapisha. Nilimtuma akamwombe Nyamusi aje nimwambie mwenyewe, mdomo kwa mdomo. Alimkuta sokoni anauza ndizi, amezeeka, bado anakohoa. Walter, sema tena alivyosema... Hawezi. Basi nitasema mimi. Alisema, "Mwambie Mogire nilimngoja alipokuwa na miguu. Miaka sita nimemngoja. Sasa anakufa anataka niende nikifanye kifo chake kiwe chepesi. Kazi hiyo sitaki. Akiwa na neno, aliseme pale aliponinyamazia."

Ana haki. Nami siwezi tena kufika pale. Kwa hiyo mtafika ninyi.

Sabato hii mtasimama kanisani, wote watatu, na Tryphosa atasoma alichokiandika, kwa Ekegusii, hadi neno la mwisho, na jina langu litajwe kwa ukamilifu, Thadeus Mogire. Mchungaji akisema mambo haya yaachwe kwa Mungu, mwambieni Mungu ameshayajua, wanaosikia leo ni watu. Kisha mtakwenda kwa wazee wa ukoo mseme hivyo hivyo, na shamba lililo chini ya kisima mlirudishe, pamoja na chai yake yote iliyomo, bila kung'oa mche mmoja. Akitaka kuja kuishi, atajengewa. Asipotaka, ni lake vile vile, auze, akodishe, aliache likue msitu. Msimpangie. Na Moraa, binti yake, aliacha shule siku ile akiwa darasa la sita. Sijui kitu gani kinarudisha hilo. Muulizeni yeye.

Andrew. Nitazame. Najua unalofikiria, unafikiria mkono wako. Kwa miaka sita umelala usingizi wa mtu aliyetenda haki kwa ajili ya nyanya yake, na leo nimekunyang'anya usingizi huo, nami naondoka. Ni uonevu. Lakini ningekufa kimya, ungekuja kuwa mzee wa kanisa, ungewafundisha watoto wako kwamba palikuwa na mchawi hapa, nao wangechoma wa kwao. Nenda kwake bila maneno mengi. Usimwambie ulikuwa kijana. Usimwambie baba yako alikudanganya, ingawa nilikudanganya. Mwambie ulichofanya, halafu nyamaza umsikilize hata akikutukana kutwa nzima. Kama huwezi kunisamehe, usinisamehe leo... si lazima uharakishe kwa sababu mimi naharakishwa.

Ah. Kimenikaba. Hapana, Tryphosa, usiniinue, niache... niache hivi hivi.

Msinizike kando ya mama yangu. Sijapata ruhusa yake. Nizikeni upande wa chini, karibu na njia. Na msinililie, wala jirani asipige ukemi, kabla hamjafika Nyamache. Mkiniomboleza kwanza, watu watakuja, watanisifu... mtaona haya kusema baada ya sifa. Nawajua watu. Nilikuwa mmoja wao.

Walter, wewe ulinibebea neno langu, Mungu akubebee mizigo yako. Tryphosa, kalamu yako isiogope baba wala mume... wala chifu. Wakesho, umekuja mbali ukaingia katika nyumba yenye kidonda. Nyumba yako na ipone, na watoto wako wawe na ndimi nyepesi za kusema kweli. Andrew, kifungua mimba wangu... mkono wako ule... Mungu aufanye ujenge. Siku zako ziwe nyingi kuliko zangu, na... na zenye usingizi.

Nimewabariki. Nilichobakiwa nacho ni hicho.

Lori la asubuhi kutoka Keroka la kwenda Nyamache halingoji mtu... Inukeni. Nendeni sasa, nendeni wote... nikiwa bado nasikia nyayo.